Naomba ushauri: wageni, zizi na masomo ya binti yetu

Habari zenu ndugu wafugaji. Tunaishi Lushoto, tuna ng'ombe wa maziwa, mbuzi wachache, na vyumba viwili vya kulaza watalii wanaotembea milima ya Usambara. Fedha za wageni zinatubeba, hasa kiangazi majani yanapokauka na maziwa kupungua.

Shida ni kwamba ng'ombe hamsubiri mtu. Tunakamua alfajiri na jioni, saa zile zile mgeni anapotaka chai na maji ya kuoga. Anayeziba pengo ni binti yetu wa kidato cha pili, na masomo yake yanaumia. Baba watoto anasema ni kazi za nyumbani tu. Mimi moyo unakataa. Wageni wakizidi, mtoto anahamishwa hata kitanda chake, na hilo linaniuma kuliko yote.

Halafu kuna magonjwa. Wageni wengine wanataka maziwa mabichi, yakiwa bado ya moto kutoka kwa ng'ombe. Nakataa, nachemsha kwanza, maana ugonjwa wa kutupa mimba unaambukiza hata binadamu. Viatu vilivyokanyaga mazizi mengine navyo vinaweza kuleta homa ya miguu na midomo, kwa hiyo nataka kuweka beseni la dawa mlangoni na mabuti ya wageni. Mama mkwe anaona ni kumdhalilisha mgeni.

Wenye uzoefu, mmeajiri mkamuaji, au mmepunguza wageni wakati wa shule? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?