Farasi wa telki kwenye mbio za kilomita 160, anafaa ama twadanganyana?

Jamani, hasa nyinyi mliofanya usaisi Dubai na Abu Dhabi mkarudi Mombasa, hebu tumalize hii maneno. Pale ufuoni Pirates kwa vijana wa farasi na ngamia kuna mmoja katoa fatwa eti farasi wa telki, wale wa mwendo laini usiomdunda mpandaji, kina Tennessee Walker, Missouri Fox Trotter na Paso Fino, kazi yao kubeba wazee wenye migongo mibovu, mbio za masafa tumuachie farasi wa Kiarabu. Mie sikubali.

Mwarabu simpingi. Mwili mkavu, ngozi nyembamba, joto lamtoka haraka na moyo washuka upesi, na hapo ndo mbio zenyewe zilipo, manake kituoni kwa ukaguzi moyo usiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda wao, umetolewa. Lakini hio ni damu na mazoezi, si mwendo wa miguu, Tennessee mnene wa maonyesho atachemka ndio, ila Fox Trotter ni farasi wa milima ya Ozark. Sasa mpeleke Tevis Cup kule California, kilomita 160 za milima ndani ya saa 24, tangu 1955, na ukimaliza farasi akiwa mzima wapewa bizimu ya mshipi hata kama hukushika nambari. Mpandaji aliyedundwa mchana na usiku akichoka akaa upande upande, na anayechubuka mgongo ni farasi.

— Shekhe, nusu kweli. Mie nimefanya kwenye mazizi ya huko. Al Wathba, uwanja wa mbio za masafa wa Abu Dhabi, ni mchanga tambarare, farasi wanakwenda shoti ya taratibu mwanzo mwisho, washindi wanapita kilomita 20 kwa saa, telki ya nini hapo? Halafu hujamtaja daktari wa farasi anayekagua kituoni. Yeye ataka umkimbize farasi kwa mkono aone kama achechemea. Farasi wa kudunda, mguu wa mbele ukiuma, kichwa charuka juu ukigusa chini, hata mtoto aona. Tennessee Walker kichwa chanesa kila hatua akiwa mzima wa afya! Daktari asiyewajua afanyeje? Akutoa tu.

— Hilo la daktari nakupa kaka, japo wengine huwafunza farasi wao kudunda wakivutwa kwa mkono, na yaisha. Ila hizo kasi za Ghuba usinitolee kama mfano wa mbio nzuri, 2015 FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, si iliwafungia Imarati kwa sababu ya vile farasi walivyokuwa wakiumizwa? Kule nenda na Mwarabu wako. Mlimani nipe Fox Trotter mkavu.

— Mkavu utampata wapi bana, wafugaji wengi wauza telki laini na rangi nzuri, pumzi hakuna anayeuliza.