Kitabu cha mafunzo ya melini: kwa nini kinajaa halafu muda haukubaliwi?

Kadeti_Feri
Wakuu, salaam. Niko mwaka wa pili chuo cha bahari Dar, upande wa sitaha. Wengi tunakichukulia kitabu cha mafunzo ya melini kama daftari la kujaziwa mwishoni. Miezi ya baharini inayotakiwa ni mingapi hasa, na wanaokataliwa hukosea wapi?

Zamu_ya_Nne
Mkuu, kwa STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia), ofisa wa zamu wa sitaha anatakiwa miezi 12 baharini kama yuko kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa na ana hicho kitabu. Bila hivyo ni 36. Piga hesabu mwenyewe.

Ndani ya hiyo 12, angalau 6 iwe ya zamu kwenye chumba cha usukani, chini ya nahodha au ofisa mwenye sifa. Wengi hukwama hapa: barua ya meli inasema "alihudumu miezi 12", zamu haitajwi popote. Barua itaje jina la meli, namba ya IMO (ya utambulisho wa meli), tani, tarehe ya kupanda na kushuka, na miezi ya zamu. Idai kabla hujashuka ngazi. Nahodha akishabadilishwa, kumsaka kwa barua pepe akugongee muhuri ni msala.

Kila kazi ya kwenye kitabu isainiwe siku ilipofanyika. Kurasa nzima zenye tarehe moja na wino mmoja zinajieleza zenyewe. Na ukiandika ulitia nanga siku ambayo logi (kumbukumbu rasmi ya safari) inaonyesha mko katikati ya Bahari ya Hindi, hapo hata cha kujitetea huna.

Grisi
Wa injini: miezi 12 ya kwenu inajumlisha karakana na bahari, na angalau 6 iwe zamu ya chumba cha injini. Kukereza na kuchomelea msivikimbie, navyo vinasainiwa.

Boti za Zanzibar, msidhani kila safari inahesabika. Ukubwa wa meli na nguvu ya injini vinaangaliwa. Waulizeni TASAC, shirika la serikali la meli Tanzania Bara (au ZMA, mamlaka ya usafiri baharini, kwa walioko Zanzibar) kwa maandishi KABLA ya kupanda.

Taa_Nyekundu
Mmesahau macho. Sitaha lazima utofautishe taa nyekundu, kijani na nyeupe usiku, na miwani haitibu upofu wa rangi. Pima kabla ya kulipa ada, si mwaka wa tatu. Cheti cha afya hakizidi miaka 2, kipimo cha rangi miaka 6.

Wakala akitaka "hela ya nafasi", achana naye. MLC 2006, mkataba wa kimataifa wa haki za kazi za mabaharia, inakataza. Cha kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti.

Kadeti_Feri
Shukrani wakuu. Kozi za usalama za mwaka wa kwanza nazo zinaisha muda?

Zamu_ya_Nne
Kujiokoa baharini na kuzima moto, ndiyo: kila miaka 5 unathibitisha upya. Huduma ya kwanza STCW haijaiwekea ukomo huo, ila kuna kampuni zinadai cheti kipya, kwa hiyo soma masharti yao mapema.