Huyu mwenye ncha nyeupe ya mkia ni mbweha mwekundu kweli?

Mrina Asali, Sikonge
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa porini kuangalia mizinga, giza ndo linaingia, nikaona mnyama kama mbwa mdogo kasimama pembeni ya kichuguu, masikio kayasimamisha, katulia tuli, mara akaruka juu akatua na pua kwenye majani akaibuka na panya. Mkia ncha yake nyeupe peee. Kurudi nyumbani dogo akanionesha video ya mbweha mwekundu wa Ulaya anaruka hivyo hivyo kwenye theluji, sasa kijiweni wanasema ndo huyo huyo na wanataka kumtegea sumu asimalize kuku. Wanaojua nieleweshe.

Mzee wa Miombo
Mkuu sio huyo. Mwekundu yuko Ulaya, Asia, Marekani Kaskazini, na Afrika anaishia Moroko, Aljeria, Misri huko, huku kwetu hayupo. Wako ni bweha miraba, ungemmulika ubavuni ungeona mstari mweupe, ila ncha nyeupe wote wanayo ndo maana mnawachanganya.

Huyo mwekundu mimi nampenda sana kwa ule mruko. Anamsikia panya chini ya theluji bila kumwona kabisa, na watafiti wa Jamhuri ya Czech mwaka 2011 walieleza kwamba akirukia upande wa kaskazini-mashariki anakamata mara nyingi zaidi, wakahisi anatumia sumaku ya dunia kupima umbali. Akishiba hatupi, anachimba kashimo anafukia kilichobaki halafu anasawazisha udongo kwa pua. Jike anabeba mimba siku kama 52, watoto mara nyingi 4 mpaka 6, vipofu, wana manyoya ya kahawia na sio mekundu, na siku za mwanzo hawawezi hata kujipasha joto kwa hiyo mama habanduki shimoni, dume ndo anahangaika kuleta chakula.

Mama Vifaranga, Kasulu
Kaka nakuomba waambie waache hiyo sumu. Huku jirani yangu aliweka kwenye nyama, aliyekufa ni mbwa wake mwenyewe. Bweha miraba anakula panya, wadudu na matunda, mbula zikidondoka yuko chini ya mti. Kuku wangu nafungia bandani kabla ya magharibi, mlango wa mbao nimeubana na jiwe, basi. Ila ukimwona anayumba au hana woga na watu kaa mbali, kichaa cha mbwa hicho kinaua, na aking'ata mtu osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu mkimbize hospitali akachanjwe.

Mrina Asali, Sikonge
Asanteni sana, nawapelekea kijiweni kama ilivyo. Huyo wetu analiaje?

Mzee wa Miombo
Kama bundi, mkuu.

Mrina Asali, Sikonge
Basi kila nikilala kambini namsikia.