AMEWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA TENDA YANGU!!!

MamaSabuni_Nax: Nimetoka kwenye ufunguzi wa zabuni sasa hivi hapa Nakuru, mikono bado inatetemeka. Yule bwana wa manunuzi, mnamjua, wa kalamu tatu mfukoni na hakuna inayoandika. Simtaji. Ameweka chai juu ya bahasha yangu! Chai ya maziwa, imejaa pomoni! Karatasi nilizozipiga nambari ukurasa kwa ukurasa, maana ukiruka mmoja unatupwa nje kabla bei haijaangaliwa. Sabuni na fagio tu jamani, na rundo lenyewe linamshinda punda.

Bahasha ya kijana wake akaishika kwa mikono miwili kama padri na ekaristi. Ufagio mmoja, shilingi 4,800! Wangu 650. Kikombe kiko wapi? JUU YA YANGU. Kufika kwangu, ukurasa wa kwanza una duara la chai, bwana ananiambia, "Mama, hati yako ni chafu." CHAFU! Chai ni yake! Katiba kifungu cha 227 inataka haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Chai sijaiona humo.

Kijana_Lanet: Ungebeba mandazi ungeshinda 😂

Omubukusu_Halisi: 4,800 ni bei ya ndugu. Huku Bungoma 2015 kaunti ilinunua wilbaro kumi, 109,320 kila moja. Jifunzeni.

WakiliWaBaraza: Ukipata barua ya matokeo una siku 14 za kwenda bodi ya rufaa.

MamaSabuni_Nax: Na ada ya rufaa nilipe kwa fagio? Amesema CHAFU, wakili!

Nyar_Kisumu: Dada, shukuru umenyimwa. Mimi nilipata tenda ya ile asilimia 30 iliyotengewa vijana, akina mama na walemavu. Nikachukua mzigo kwa mkopo, nikapeleka, wakasaini. Sasa wimbo ni "Hazina haijatuma pesa". Mwenye mkopo ananifuata hadi kanisani.

Kijana_Lanet: Si 2025 tuliambiwa tenda zote ziende mtandaoni wizi uishe? Wakaishia kuvutana kortini.

Nyar_Kisumu: Mtandao upi? Hapa Kondele stima imepotea tangu jana.

Omubukusu_Halisi: Kwani nyinyi huwa mna stima?

MamaSabuni_Nax: Turudi kwa kikombe tafadhali!!

Kijana_Lanet: Nyar Kisumu, sasa simu unachajia wapi?

Nyar_Kisumu: Kwa kinyozi, shilingi 30. Mwizi mwingine huyo, ngoja niwaambie.