Kokteli ya tufaha ya msimu wa vuli: juisi mbichi, juisi iliyopunguzwa motoni, pombe iliyolowekwa au brandi ya tufaha?

Pima_Kwanza

Wakuu, salaam. Vuli ya nchi za baridi za kaskazini ndiyo wakati wa kuchuma matufaha, na kokteli ya tufaha huharibika kirahisi kuliko inavyodhaniwa. Unaweka wiski, mdalasini na sukari, ukionja unakuta vyote vipo isipokuwa tufaha lenyewe. Harufu ya tufaha ni nyepesi na huruka haraka, ilhali pipa la mwaloni, karafuu na mdalasini ni vitu vizito. Kwa hiyo kabla hujachagua pombe, amua kwanza tufaha litaingia kwa njia gani. Naona njia nne, vipimo ni vya glasi moja:

1. Juisi mbichi isiyochujwa hadi kung'aa: bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi) ml 50, juisi ml 60, maji ya limau ml 15, shira ya mdalasini ml 10. Tikisa na barafu.

2. Juisi iliyochemshwa ikabaki robo: ramu nyeusi au bourbon ml 50, juisi hiyo ml 20, limau ml 15. Tikisa.

3. Bourbon iliyolowekwa matufaha: ml 60, shira ya kawaida ml 5, Angostura (kiungo chungu cha kokteli) matone machache. Koroga na barafu, usitikise.

4. Brandi ya tufaha, yaani calvados ya Ufaransa au applejack ya Marekani: ml 60, limau ml 20, shira ya komamanga ml 15. Tikisa. Hii ndiyo Jack Rose, kokteli ya siku nyingi.

Kura yangu ni ya 2, kwa sababu unapata tufaha jingi bila kumwaga maji mengi kwenye glasi. Leteni hoja, na zaidi ya hoja leteni vipimo.

Malimau

Ya 1 inaonewa. Ikitengenezwa na juisi ya dukani iliyo angavu kama chai ya rangi, ni kweli haina kitu, ni maji ya sukari tu. Lakini juisi iliyokamuliwa siku hiyohiyo ina kitu ambacho njia nyingine tatu hazina: harufu ya ganda na ukali wa tunda bichi.

Chagua tufaha chachu. Granny Smith peke yake ni kali mno, nayo Fuji au Gala peke yake ni tamu isiyo na makali. Changanya mbili za chachu kwa moja ya tamu. Kilo 1 ya matufaha hutoa takriban nusu lita kwa mashine ya kukamulia. Kwa blenda weka vijiko vichache vya maji ili visu vishike, saga, kisha kamua kwa kitambaa safi. Toa kokwa na sehemu ngumu ya katikati kabla ya kusaga, maana mbegu zikipondwa huleta uchungu na si kitu cha kunywa.

Linalowashinda wengi ni rangi. Juisi hugeuka kahawia ndani ya dakika chache kwa sababu kimeng'enya kilichomo kwenye tunda hukutana na hewa mara seli zinapopasuka, na rangi inapobadilika ladha nayo hupooza. Weka limau kwenye bakuli KABLA ya kukamulia juu yake, ml 15 kwa kila nusu lita. Ukisubiri juisi iishe kutoka ndipo uweke limau, umechelewa. Unga wa vitamini C nusu gramu kwa lita hufanya kazi hiyo vizuri zaidi na hauongezi ladha ya limau.

Jambo jingine: limau kwenye kokteli hii si pambo. Ulimi hulitambua tufaha kwa uchachu wake kwanza. Toa zile ml 15 na utakunywa asali yenye wiski.

ShiraNzito

Naunga mkono ya 2, ila mkuu Pima_Kwanza hukueleza namna ya kuipata hiyo robo, na hapo ndipo sufuria huungua.

Lita 1 ya juisi isiyoongezwa sukari, sufuria pana, moto wa wastani. Toa povu linapopanda. Itachukua dakika 30 hadi 40, inategemea upana wa sufuria. Usikadirie kwa jicho, tumia mizani: pima sufuria tupu kwanza, kisha pima tena juisi ikiwa ndani. Lita 1 ya juisi ni kama g 1,040, na robo yake huwa takriban g 290, kwa sababu sukari imejikusanya na kioevu kimekuwa kizito. Ikikaribia g 400 punguza moto, maana kuanzia hapo sukari hushika chini ya sufuria na ladha ya kuungua haitoki tena.

Ukipitiliza sana, ikipoa itaganda kama jeli, kwa sababu tufaha lina pektini nyingi, kile kinachogandisha jamu. Hiyo inarekebishika: rudisha kwenye moto mdogo na maji ya moto, kijiko kimoja kimoja.

Kuhusu utamu: juisi ya tufaha ina sukari kama g 10 hadi 11 kwa ml 100. Ikibaki robo inafika kama g 43. Shira ya kawaida ya sukari na maji kwa uzito sawa ina kama g 60 kwa ml 100. Kwa hiyo ml 20 za juisi hii ni sawa na ml 14 za shira, na ndiyo maana kipimo cha juu hakina sukari nyingine. Anayeongeza shira ya mdalasini juu yake bila kupunguza kitu asilaumu njia.

Na uchachu wa tunda nao umejikusanya mara nne. Kama juisi ilitoka kwenye matufaha chachu, anza na limau ml 10, onja, ndipo upande hadi 15.

Malimau

@ShiraNzito hesabu nimeikubali, lakini dakika 40 za moto zimeondoa harufu yote ya tunda bichi. Kilichobaki kinafanana na tufaha lililookwa. Ni kitamu, sikatai, ila ni ladha nyingine.

ShiraNzito

Kweli, ndiyo maana mimi hugawanya: iliyopunguzwa ml 15, mbichi ml 20, bourbon ml 50, limau ml 15. Iliyopunguzwa inabeba uzito, mbichi inarudisha harufu. Kinywaji hakipoi nguvu kwa maji kama kwenye namba 1.

BarafuKubwa

Niseme kuhusu ya 3, kwa sababu nyuzi nyingi za majukwaani huandika "jaza chupa matufaha, mimina bourbon, ngoja wiki mbili" na wanaofuata hivyo hupata kitu chembamba kisichoeleweka.

Tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Bourbon ml 500 ya asilimia 40 ina alkoholi safi ml 200. Ukitia g 400 za tufaha, umeongeza maji yapata ml 340. Vikishasawazishana, chupa yako imeshuka hadi kama asilimia 24, na kama asilimia 40 ya alkoholi uliyolipia imebaki ndani ya vipande unavyotupa. Kwa g 150 utabaki juu ya asilimia 30. Kwa hiyo:

Bourbon ml 500, ikiwezekana ya asilimia 45 au 50. Tufaha g 150, ganda liwepo, katikati itolewe, vipande vyembamba. Vipande vizame vyote, vinavyoelea hukauka na kuwa kahawia. Mtungi ujae karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo. Siku 4 hadi 6 mahali penye giza, onja kila siku kuanzia ya 3. Kijiti cha mdalasini kiingie saa 12 za mwisho tu. Kikikaa wiki nzima, pombe inakuwa kavu na chungu kama gome la mti, na hakuna sukari itakayoficha. Chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kahawa, weka kwenye friji.

Njia bora zaidi ni tufaha lililokaushwa: g 80 kwa ml 500, siku 2. Halina maji mengi ya kuongeza, ladha yake imejaa, na nguvu ya pombe haishuki sana. Hasara yake ni kwamba vipande hunywa pombe, utapata kama ml 420 mkononi. Tafuta lisilopakwa sukari.

Kuhusu kukoroga: sekunde 25 hadi 30 na barafu kubwa, kisha chujia juu ya bonge moja jipya la barafu. Hakuna juisi wala limau humu, hivyo kutikisa kungeleta tu vijipovu vya hewa na ukungu.

Mdalasini_7

Shira ya mdalasini imetajwa mara mbili bila maelezo. Sukari g 200, maji ml 200, vijiti 3 vilivyovunjwavunjwa. Chemsha taratibu dakika 10, zima, funika saa 1, chuja. Friji, wiki 3 hivi. Usitumie mdalasini wa unga. Unga ukikutana na maji ya moto hutoa ute, na shira inakuwa na utelezi ambao hata chujio la karatasi haliuondoi.

Karafuu zisizidi 3 kwa kiasi hicho. Karafuu ikizidi, kinywa kinakufa ganzi kidogo na tufaha linazimika kabisa. Tangawizi mbichi iliyoparuzwa, g 30, inakaa na tufaha vizuri kuliko karafuu, kwa maoni yangu. Kungumanga iparuzwe juu ya glasi wakati wa kunywa, isipikwe.

Chujio

Naona namba 4 imeachwa pembeni. Mwenye chupa ya calvados ndani hana haja ya kuhangaika na sufuria. Ni saida, yaani juisi ya tufaha iliyochachushwa ikawa kilevi (aina nyingine huchanganya na pea), iliyokenekwa huko Normandie, ikakaa kwenye mwaloni miaka isiyopungua 2. Tufaha limeshakuwa ndani ya pombe yenyewe.

Kwa applejack, soma lebo. Ile iliyochanganywa ina pombe ya nafaka isiyo na ladha, kwa hiyo ukiitia juisi nyingi inapotea. Ile inayotokana na tufaha tupu inafanya kazi ya calvados bila shida.

Kosa linalorudiwa kwenye Jack Rose ni shira ya komamanga ya dukani, nyingi ni sukari na rangi nyekundu tu. Tengeneza: juisi ya komamanga ml 200, sukari g 200, pasha moto mdogo hadi sukari iyeyuke, usichemshe. Ml 15 za hiyo zinatosha. Kwa wanaotaka tufaha lisikike zaidi, juisi mbichi ml 20 inaingia, na limau libaki ml 20 palepale.

Kikombe_cha_Jioni

Ahsanteni wakuu. Maswali mawili. Kuna namna ya kuifanya ya moto bila pombe kuruka yote? Na kwa asiyekunywa pombe, mnampa nini zaidi ya juisi?

Mdalasini_7

Ya moto: juisi isiyochujwa ml 180, kijiti 1 cha mdalasini, karafuu 2, ganda la chungwa bila ile sehemu nyeupe. Pasha hadi mvuke uanze kupanda, yapata nyuzi 70, usiache itokote. Funika dakika 15, chuja, pasha tena kidogo. ZIMA MOTO, ndipo umimine ramu nyeusi ml 45 kwenye kikombe kilichopashwa kwa maji ya moto. Alkoholi safi huchemka kwa nyuzi 78, lakini huanza kuruka mapema zaidi, na mvuke wake ndio unaochoma pua unapokaribia kunywa. Siagi kijiko cha chai kimoja juu ni hiari. Limau ml 5 tu, kwenye joto uchachu husikika zaidi.

Malimau

Kwa asiyekunywa, kinachokosekana ni ule mkwaruzo wa pombe kooni, na chai nyeusi kali inaziba pengo hilo vizuri. Pakiti 1 kwa maji ya moto ml 100, dakika 5, ipoe. Chai hiyo ml 40, juisi mbichi ml 90, limau ml 15, shira ya tangawizi ml 10. Tikisa kama nyingine. Siki ya tufaha kijiko cha chai kimoja badala ya ml 5 za limau inaleta ladha ya saida bila kilevi. Zaidi ya hapo inanuka siki.

Pima_Kwanza

Nimebadili kura: mchanganyiko wa ShiraNzito, mbichi na iliyopunguzwa pamoja. Ya 3 naiacha kwa wanaopenda kinywaji kikavu cha kunywa polepole. BarafuKubwa, kabla hatujafunga, kama ni watu 8 wanatikisaje glasi moja moja?

BarafuKubwa

Hawatikisi. Bourbon ml 400, juisi iliyopunguzwa ml 120, juisi mbichi ml 160, limau ml 120. Jumla ml 800. Barafu ya kutikisia ingeongeza maji kama robo, kwa hiyo mwaga maji baridi ml 180 mwenyewe. Bila hayo maji kinywaji kitakuwa kikali na kizito hata kikiwa baridi. Limau na juisi mbichi ziingie siku hiyohiyo, vilivyobaki vinaweza kuchanganywa jana yake. Weka friji kwa muda wa saa 4, tikisa chupa kabla ya kumimina kwa sababu mashapo hukaa chini.

Ukitaka mapovu, punguza yale maji yawe ml 60 na umalizie kila glasi kwa saida yenye gesi au soda ya tangawizi, ml 40. Gesi iingie mwisho kabisa, ndani ya glasi, na usiitikise ndani ya chombo kilichofungwa. Kifuniko kitaruka.

Chujio

Nyongeza ya usalama: juisi mbichi ikikaa zaidi ya siku 3 kwenye friji na chupa ikaanza kutoa pumzi unapoifungua, imeanza kuchacha. Usiihifadhi kwenye chupa ya glasi iliyokazwa, gesi inaweza kuipasua. Kwa wajawazito, watoto na wazee tumia juisi iliyopashwa moto kiwandani, au ichemshe kwanza kwa muda mfupi na uipoze. Na wapimieni wageni: ml 50 za bourbon ni alkoholi safi ml 20, iwe tufaha linasikika au halisikiki.