Re: Stirling na watoto, nani amewahi kulala huko?

Kutoka: Mama wa watatu, Leeds

Assalaam aleikum wanajumuiya. Shule zikifungwa tunataka kuwapeleka watoto Uskoti. Vyumba vya Edinburgh bei imepaa. Stirling je? Mdogo bado yuko kwenye kigari.

Kutoka: Baba wa mapacha, Glasgow

Waaleikum salaam dada. Njooni Stirling, msisite. Treni kutoka Edinburgh haimalizi saa nzima, na aliye chini ya miaka mitano halipiwi.

Ngome iko juu ya jabali. Kuifikia ni kupanda mlima kwa barabara ya mawe, kwa hiyo kigari kiacheni hotelini, mdogo abebwe kwa mbeleko. Mary, Malkia wa Waskoti, alitawazwa humo mwaka 1543 akiwa na miezi tisa tu. Binti zangu walipolisikia hilo walitaka kuona kila chumba! Chini ya jumba la kifalme kuna vyumba ambamo watoto huvaa mavazi ya zamani na kujaribu ala za muziki. Tengeni muda wa kutosha hapo, hawatatoka upesi.

Mnara wa Wallace, shujaa wa Waskoti, una ngazi 246, nyembamba, za kuzunguka. Mmoja wenu abaki chini na mdogo. Ndani kuna sanamu ya Livingstone, yule mmisionari Mskoti aliyezunguka Afrika, miongoni mwa mashujaa wao. Wasimulieni watoto habari za Chuma na Susi, watumishi wake wa Kiafrika, waliokuwa katika msafara uliobeba maiti yake kwa miguu hadi Bagamoyo. Ni historia yetu pia, na ninapenda waisikie kwa Kiswahili.

Hoteli sasa. Chumba kinachoitwa cha familia mara nyingi ni cha wakubwa wawili na watoto wawili. Nyie mko watano. Msibonyeze tu kwenye mtandao, pigeni simu. Ulizeni kitanda cha ziada, kitanda cha mdogo, na kama watoto wanalipia chai ya asubuhi. Kuna mahali tuliahidiwa vitanda vya watoto, tukakuta kochi moja tu la kukunjua, na usiku ulishaingia. Kama kuna bwawa, ulizeni saa za watoto, kwa kawaida zimepangwa.

Kwenye meza ya asubuhi, ile soseji nyeusi ina damu, mara nyingi ya nguruwe. Mayai, uji wa shayiri na samaki wa moshi vinatosha kabisa.

Kutoka: Aberdeen

Naongezea kidogo. Basi la bure kwa walio chini ya miaka 22 ni la wakaazi wa Uskoti tu, watoto wenu hawamo. Lakini pandeni hivyo hivyo hadi Bannockburn, mahali Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti, alipowashinda Waingereza mwaka 1314. Jengo la maonyesho lina kiingilio, uwanja wenyewe wa vita ni bure, na watoto watakimbia hadi wachoke. Makoti ya mvua yawe mkononi hata Julai.