Watu wa fani nyingine wataka data yangu ya samaki, msimamizi asema nisitoe. Nifanyeje?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum, na habari za jioni wenzangu. Kuna jambo laninyima usingizi, na najua humu mna watafiti, wanafunzi na hata wavuvi wenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa. Kwa miezi 18 nilishinda kwenye banda moja la samaki, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa, nikipima kila kinachoshushwa: aina, urefu, kilo, chombo, zana (malema yaani mitego ya kusuka, mshipi au nyavu) na mahali nahodha alipovulia. Juu ya hayo, wazee wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) walinikabidhi madaftari yao ya mnada, ya tangu 2011. Nikayaingiza yote kwenye Excel, usiku baada ya usiku, mengine yameliwa na mende pembeni. Sasa nina mistari 11,000 na ushei.

Tasnifu imekwisha. Makala iko kwa jarida, na jarida lataka data iwekwe wazi. Kabla sijapumua, akaniandikia mtafiti wa lishe kutoka Nairobi: ataka kulinganisha samaki wanaoshushwa na uzito wa watoto wa mitaa ya karibu. Wiki ya pili akaja kijana wa masuala ya joto la bahari, yeye ataka tarehe na kilo tu. Wote wawili nadhani hawatofautishi tafi na pono.

Msimamizi wangu, Mungu ampe umri, asema: "Hiyo ndiyo PhD yako. Ukiitoa utakula nini?" Na mimi nina hofu zangu nyingine. Mna majina ya manahodha na nambari zao za simu. Mna vipimo vya GPS. Na wakati nawaomba ridhaa niliwaambia ni kwa ajili ya masomo yangu, sikutaja watu wengine.

Nitoe, nisitoe, au nitoe nusu?

Mstaafu_Maabara

Binti, msikize msimamizi wako. Mimi nilimpa mgeni mmoja jedwali langu la mikoko, miaka minne ya kuzama tope hadi magotini. Nilimtumia kwa barua pepe, kwa ukarimu wetu wa pwani. Mwaka wa pili nikalikuta ndani ya makala yake. Jina langu nililiona kwenye shukrani, tena limekosewa herufi.

KusiNaKaskazi

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa yaliyokupata, lakini kisa chako mimi nakisoma kinyume. Uliibiwa kwa sababu ulitoa kwa siri. Barua pepe haina shahidi. Lau jedwali lile lingekuwa limewekwa hadharani kwa jina lako na tarehe yake, yule mgeni angelazimika kulitaja kama anavyotaja makala, na asipolitaja kila mtu angemwona.

Dada, kuna hazina za data mtandaoni kama Zenodo, iliyoanzishwa 2013 na yakaa kwenye mitambo ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Ni bure, na mzigo mmoja waweza kufika GB 50, wako hautafika hata MB 5. Ukiweka wapewa nambari ya DOI, yaani anwani isiyobadilika, na wachagua leseni. Ukichagua CC BY, yeyote aweza kutumia lakini sharti akutaje. Tena waweza kufunga faili kwa muda, tuseme mwaka mmoja, huku maelezo yake yakionekana. Msimamizi apate nafasi ya kumaliza makala zake, na dunia ijue data ipo na ni ya nani.

Kuhusu hao wa fani nyingine wasiojua tafi, usiwadharau. Kuna mradi ulioanza 2010, Old Weather, watu wa kujitolea walikaa wakinakili madaftari ya manowari za Uingereza za wakati wa Vita vya Kwanza. Baharia aliyeandika kipimo cha joto na upepo alikuwa akifuata amri tu. Leo wanaoyasoma ni watu wa tabianchi, na wanahistoria nao wamo. Au picha za satelaiti za Landsat: Wamarekani walikuwa wakiziuza, moja kwa mamia ya dola, hadi 2008 walipozifanya bure. Picha zilizokuwa zikitolewa kwa watumiaji kwa makumi kwa siku zikawa maelfu. Wanaopima mikoko yetu leo wengi wao huanzia hapo. Aliyerusha chombo kile angani hakuwa na habari na mkoko wa hori ya Tudor hapa Mombasa.

NesiWaMtaa

Mimi nafanya kazi ya lishe ya jamii, si mtafiti, lakini nimesoma hapo juu nikashtuka. BintiKibokoni, hebu nijibu: hizo kilo zako ni kabla au baada ya kitoweo?

BintiKibokoni

Dada NesiWaMtaa, umenishika pabaya. Ni baada. Samaki hupimwa kwenye mizani ya tajiri. Kitoweo cha nyumbani kila mvuvi ashakitoa chomboni, na wengine humpa fungu mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, kabla hata hajafika bandani. Mimi nilihesabu biashara, ndilo lililokuwa swali langu. Kwenye safu ya maoni niliandika herufi "k" siku nilizoona kitoweo kikitolewa, lakini si kila siku.

NesiWaMtaa

Ndiyo nilivyoogopa. Sasa mfikirie huyo wa Nairobi. Atachukua kilo zako, agawe kwa idadi ya watu, kisha atuandikie kwamba watoto wa wavuvi hawali samaki. Akimaliza, mradi utatuletea unga wa virutubisho. Na hatakuwa amedanganya! Atakuwa amesoma jedwali lako kama lilivyo. Kwa hiyo mimi sikwambii utoe wala usitoe. Nakwambia jedwali bila maelezo, kwa mtu wa fani nyingine, ni afadhali asilipate.

FundiJedwali

Nesi amesema kitu ambacho mimi hulipwa kukisema, tena amekisema vizuri zaidi. Watu wa fani moja huwa na mambo wasiyoandika kwa sababu kila mmoja wao ayajua. Mtu wa nje hayajui. Basi kabla ya kufikiria Zenodo, kaa na faili moja ya maandishi, eleza kila safu kama wamweleza mjomba wako wa bara ambaye hajawahi kuona malema. Kilo zimepimwa wapi, na nani, baada ya nini kutolewa.

Halafu yatazame haya.

Matundu. Seli isiyo na kitu maana yake nini? Kusi limechafuka hakuna aliyetoka, au wewe hukuja siku ile? Kwako ni wazi, kwa yule kijana wa joto la bahari zote ni sifuri, na sifuri zake zitamwambia kwamba bahari ilipata moto samaki wakatoweka. Andika 0 palipo sifuri, na neno lingine kabisa pasipopimwa.

Majina. Tafi wa huku wengi ni Siganus sutor, hapo huna shida. Lakini changu? Chini ya jina hilo mna samaki wa aina kadhaa wa jamii ya Lethrinus, na wengine huwaingiza hata wasio jamaa. Acha jina la mvuvi kwenye safu yake, ongeza safu ya jina la kisayansi, na pale usipokuwa na hakika ishia kwenye jamii. Usifute jina la Kiswahili, huenda siku moja mtu wa isimu akalitaka.

Tarehe. Excel ni mwizi wa tarehe. Jeni moja ya binadamu ilikuwa ikiitwa SEPT1, Excel ikawa yaigeuza tarehe mosi Septemba, makala zikajaa makosa. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni iliona rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kungojea Excel ibadilike! Andika 2019-07-03, mwaka kwanza, hutakosea. Na kama madaftari yana siku ya mwezi mwandamo, ibakishe, ndiyo itakayoonesha bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo).

Majina ya watu na simu, toa. Hilo halina mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaruhusu utafiti, lakini haikuruhusu uchapishe kitu kitakachomtambulisha mtu. Mpe kila nahodha namba ya siri, na ufunguo wake usiwe kwenye faili hiyo. Hata hivyo kuwa macho: kama bandani pana chombo kimoja tu chenye mashine ya farasi 40, kuficha jina lake ni kujidanganya.

GPS ni hesabu rahisi. Huku kwetu karibu na ikweta, desimali nne ni kama mita 11. Desimali mbili ni kama kilomita moja. Moja ni kilomita 11. Amua wewe na wenye bahari ni ngapi zatosha.

Kijana_Mkunguni

Samahani kwa kuingilia. Hayo madaftari ya mnada si ndiyo wanayoandika na madeni? Marehemu babu yangu alikuwa na deni la nyavu kwa tajiri. Msije mkalitangaza ulimwenguni na nambari ya kudumu juu 😂

BintiKibokoni

Kaka, madeni yamo kweli! Niliyaingiza kama "makato". Wallahi sikuwahi kufikiria kwamba hiyo ni siri ya mtu.

NahodhaMalema

Nimesomewa haya na mwanangu, nami namwambia aandike.

Mwanangu BintiKibokoni, mie navua tangu n'na miaka kumi na mitano. Watu wa kalamu nimewaona wengi. Mwaja, mwaandika, mwapiga picha, mwaenda zenu. Kilo zangu si siri, kila aliyesimama pale bandani ameziona. Jina langu sijali sana, ingawa deni la mtu ni la mtu, hilo kijana amesema kweli.

Lakini mahali! Mahali nimeoneshwa na baba, naye alioneshwa na wake, kwa kulenganisha mnazi na mnara. Sikumwonesha hata shemeji yangu. Wewe nilikuonesha kwa kuwa ulikuwa watapika mle chomboni na bado wauliza maswali, nikakuonea imani. Ukipaweka kwenye simu, kesho waja watu na mitungi ya kupigia mbizi, jongoo wote wa baharini waenda, na mawe yabaki matupu. Hilo usilifanye.

Na jambo la pili. Hivi vyote mwasema kumpa wa Nairobi, kumpa wa Uswisi. Sisi twapewa nini? Madaftari yale yametoka kwetu, hata nakala ya hesabu sijaiona. Njoo utusomee kwanza.

KusiNaKaskazi

Nahodha, umetufunga midomo. Niongeze moja tu: zile kanuni za FAIR zilizoandikwa 2016, ambazo majarida hutupigia kelele nazo, hazisemi kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Zataka data ipatikane, ieleweke, na masharti yake yajulikane. Waweza kuandika "vipimo vya mahali vipo, vinashikwa na BMU, aombaye awaombe wao" na bado ukawa umezifuata.

Mstaafu_Maabara

Hapo nami nalegea kidogo. Lakini binti, soma kwanza kibali chako cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya utafiti, na barua ya kamati ya maadili, uone kama wakuruhusu kutumia data kwa lingine. Ukikuta walikupa ruhusa ya tasnifu tu, rudi kwao kwa maandishi. Usitegemee maneno ya mdomo, mimi ndiyo yaliyonitia hasara.

BintiKibokoni

Wenzangu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Kamati ya maadili ilitaka fomu mpya ya ridhaa, nimeipata. Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilikaa na BMU pale bandani. Nilichapisha michoro mikubwa nikaibandika kwenye ukuta wa chumba cha barafu. Nilidhani nitazungumza nusu saa. Tukatoka magharibi.

Waliona kitu ambacho mimi sikukiona. Kwenye mchoro wangu mna mwaka mmoja ambao tafi walishuka ghafla, nami kwenye tasnifu niliandika kurasa mbili juu ya uvuvi kupita kiasi. Mzee mmoja akacheka. Akasema mwaka ule mizani iliharibika, wakawa wapimia kwa ndoo, na karani aliandika ndoo moja kilo kumi hata ikiwa imefurika. Kurasa mbili! Sasa nimeongeza safu ya "njia ya kupima", na msimamizi nimempa habari hiyo kwa upole, maana makala bado iko kwa jarida.

Tuliyokubaliana ni haya: majina, simu na makato yatoka. Mahali patatajwa kwa ukanda tu, ndani ya mwamba au nje ya mwamba, na vipimo vyenyewe vitabaki kwa BMU. Kitoweo kimeelezwa kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi nzito, na mtafiti wa lishe nimempigia simu. Ameshukuru sana, na ataka kuja mwenyewe kuhesabu kitoweo nyumbani kwa watu. Msimamizi amekubali kwa sharti kwamba faili zifungwe miezi 12. Nimekubali, sina nguvu za kushindana naye.

Limebaki dogo. BMU wataka jina lao liwe pamoja na langu kwenye orodha ya walioandaa data, si kwenye shukrani. Mimi naona ni haki yao. Lakini ile fomu ya Zenodo yadai jina la kwanza na la ukoo. Niweke la mwenyekiti?

FundiJedwali

Hapana, mwenyekiti hubadilika. Kwenye sehemu ya kuongeza mwandaaji kuna chaguo la mtu na la shirika. Bonyeza shirika, uandike jina la BMU zima. Na lihakikishe tahajia na wao kabla hujachapisha.

NahodhaMalema

Tahajia nitaiangalia mie. Njoo Jumamosi, bahari itakuwa maji mafu, niko nchi kavu.